Afisa uhusiano wa jamii kwenye mradi wa mafuta na gesi: namna ya kuifanya kazi hatua kwa hatua

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya kijana aliyepata barua ya ajira ya afisa uhusiano wa jamii kwenye mradi wa bomba, wa visima au wa kiwanda cha kuchakata gesi, na ambaye wiki chache zijazo atashushwa kwenye kijiji asichokijua akiwa amevaa fulana yenye nembo ya kampuni. Nimeifanya kazi hii kwa miaka kadhaa, nimeona miradi iliyopita vijijini kwa utulivu na mingine iliyoacha kinyongo ambacho hakijaisha mpaka leo, na tofauti niliyoiona mara nyingi haikuwa kiasi cha fedha kilicholipwa. Ilikuwa ni iwapo wananchi walijibiwa walipouliza. Kwa hiyo katika kila hatua nitakayoieleza hapa, jambo ninaloomba ulishike ni hili: swali lililotoka kijijini lazima lirudishiwe jibu kwa mtu yuleyule aliyeuliza, kwa tarehe uliyoitaja, hata kama jibu lenyewe ni hapana.

Mifano yangu mingi ni ya Tanzania, kwa sababu huko ndiko ninakokufahamu.

Hatua ya kwanza: ujue mradi, sheria na yaliyotokea kabla yako

Usiende kijijini kabla hujaweza kuueleza mradi kwa dakika tano bila karatasi. Chukulia bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki, lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Kabaale, Hoima, nchini Uganda, hadi rasi ya Chongoleani mkoani Tanga. Kilomita 1,147 kati ya hizo ziko Tanzania, katika mikoa ya Kagera, Geita, Shinyanga, Tabora, Singida, Dodoma, Manyara na Tanga. Mafuta ya Uganda yana nta nyingi na huganda yakipoa, kwa hiyo lazima yapashwe joto njia nzima yabaki juu ya nyuzi 50. Mwananchi akishasikia habari ya joto atakuuliza papo hapo kama mihogo yake itaungua, kama ng'ombe akilala juu ya bomba ataathirika, na kama maji ya kisima yatabadilika. Maswali hayo yana majibu ya kihandisi, na unatakiwa uwe umeyapata kwa mhandisi kwa maandishi kabla ya mkutano, si kuyabuni ukiwa umesimama mbele ya watu mia mbili.

Upande wa sheria, soma mwenyewe Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, pamoja na kanuni zake za fidia za mwaka 2001, kisha Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 na kanuni za mwaka 2017 zinazohusu ushiriki wa Watanzania katika shughuli za petroli. Fahamu pia nani ni nani: TPDC ni shirika la taifa la mafuta, PURA inadhibiti utafutaji na uzalishaji, na EWURA inadhibiti shughuli za kati na za chini kama usafirishaji na usambazaji. Mwananchi anayetaka kulalamika juu ya kampuni yako ana haki ya kujua mlango sahihi, na wewe ndiye wa kumwonyesha. Ikiwa mradi unakopa kwenye benki za kimataifa, kuna uwezekano mkubwa kwamba umefungwa na viwango vya Shirika la Fedha la Kimataifa, IFC. Kiwango namba 5, kinachohusu uchukuaji wa ardhi na uhamishaji wa watu, kisome kifungu kwa kifungu, kwa sababu mara nyingine kinadai zaidi ya sheria ya nchi.

Sheria za nchi jirani nazo uzijue kidogo, kwa sababu redio hazina mpaka. Mtu wa Tanga husikia kwamba Sheria ya Petroli ya Kenya ya mwaka 2019 inaipa kaunti asilimia 20, na jamii inayozunguka kisima asilimia 5, ya mgawo wa serikali ya taifa, kisha anasimama mkutanoni kudai asilimia zake. Anastahili kuelezwa kwa heshima kwamba hiyo ni sheria ya Kenya, na kwamba hapa kwetu fedha inayofika halmashauri hupitia njia nyingine, ukiwemo ushuru wa huduma.

Halafu kuna historia. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974 na ya Mnazi Bay mwaka 1982, na watu wa kusini wamekuwa wakiambiwa habari za gesi kwa karibu nusu karne. Mwezi Januari na tena mwezi Mei mwaka 2013 Mtwara iliingia katika ghasia kuhusu bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam. Ghasia za Mei zililipuka siku ambayo bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini ilikuwa ikisomwa bungeni, na watu walipoteza maisha na mali. Mwaka huohuo, mwezi Oktoba, wananchi wa Turkana, kaskazini mwa Kenya, waliandamana kudai ajira na zabuni hadi uchimbaji ukasimama kwa muda. Ukipangiwa kazi Mtwara na hujui yaliyotokea mwaka 2013, mzee wa kwanza utakayezungumza naye atakugundua, na itakuchukua miezi kumfanya akuamini.

Hatua ya pili: ingia kijijini kwa mlango wake

Utaratibu wa kuingia unajulikana, na kuuruka hata kwa nia njema huonekana ni dharau. Barua ya utambulisho huanzia kwa Mkuu wa Wilaya na Mkurugenzi Mtendaji wa halmashauri, ikashuka kwa Afisa Mtendaji wa Kata, kisha kwa Mtendaji wa Kijiji na Mwenyekiti. Ukifika ofisi ya kijiji, saini kitabu cha wageni kila siku unayofika, si siku ya kwanza tu, kwa sababu kitabu hicho ndicho ushahidi utakaokulinda siku itakaposemwa kwamba hukuwahi kuonekana.

Baada ya serikali ya kijiji, watafute wale ambao hawana muhuri lakini neno lao lina uzito: imamu na wachungaji, wazee wa mila, makungwi, viongozi wa wafugaji, na kama uko pwani, kikundi cha usimamizi wa rasilimali za bahari, ambacho wavuvi wenyewe hukiita BMU. Watembelee nyumbani kwao. Wiki ya kwanza usiende na dodoso wala kamera. Tembea kitongoji kwa kitongoji ukiongozana na mwenyekiti wa kitongoji husika, ukiuliza mambo ya kawaida: maji mnachota wapi, mnada ni siku gani, kuni zinatoka upande upi, watoto wanavukia wapi kwenda shule. Majibu hayo yaingize kwenye ramani ya mradi. Njia ya watoto wa shule haionekani kwenye picha ya setilaiti, na mara nyingi ndiyo itakayokatwa na mtaro wa bomba.

Andaa pia kalenda ya kijiji na uibandike ukutani kwa wahandisi. Huku kusini, kati ya Oktoba na Desemba watu wako kwenye mikorosho na mkutano wa saa nne asubuhi utawapata wasio na shamba peke yao. Ijumaa mchana haifai, siku ya mnada haifai, na mwezi wa Ramadhani mikutano iwe mifupi na ya asubuhi.

Hatua ya tatu: mkutano

Mkutano mkuu wa kijiji huitishwa na mwenyekiti, si na kampuni, na wewe ni mgeni aliyepewa nafasi kwenye ajenda. Peleka ajenda kwa maandishi mapema, ili tangazo libandikwe mbao zote za matangazo na mpiga mbiu apite.

Sehemu inayoleta matatizo kuliko zote ni karatasi ya mahudhurio. Watu wengi wamewahi kusikia kwamba saini zao za kuhudhuria ziligeuzwa kuwa saini za kukubali, na hofu hiyo ina msingi. Fanya hivi: juu ya kila ukurasa pawe na sentensi moja kwa Kiswahili inayosema kwamba saini hii ni ya kuthibitisha kuhudhuria tu na haina maana ya kukubali mradi wala kiwango cha fidia, na sentensi hiyo isomwe kwa sauti kabla ya karatasi kuanza kuzunguka. Asiyetaka kusaini asilazimishwe.

Wanawake wakikaa nyuma chini ya mwembe wakiwa kimya, usiandike kwenye taarifa kwamba hawakuwa na hoja. Omba kikao chao peke yao, saa wanayoichagua wao, kikiongozwa na afisa mwanamke. Katika vikao hivyo ndimo nilimosikia mambo ambayo hayakuwahi kutajwa mbele ya wanaume: kwamba madereva wa malori wanawasumbua mabinti kisimani, kwamba shamba fulani linalosomeka kwa jina la baba limelimwa na mke wa pili kwa miaka kumi na moja, kwamba baadhi ya waume wameshaanza kukopa kwa kutegemea fidia.

Ukiulizwa jambo usilolijua, sema hulijui. Liandike swali pamoja na jina la muulizaji na kitongoji chake, taja siku utakayorudi na jibu, na urudi. Usiseme "kampuni italiangalia", kwa sababu maneno hayo hutafsiriwa kuwa ahadi. Nilipokuwa mgeni kazini niliwahi kusema mkutanoni kwamba suala la zahanati "liko kwenye mipango", kwa kuwa nilikuwa nimeliona kwenye rasimu moja ofisini. Rasimu ile ilifutwa. Kwa miaka miwili kila nilipopita kijiji kile niliulizwa habari ya zahanati, na hawakuuliza kwa ukali. Waliuliza kwa upole, jambo lililoniumiza zaidi. Tangu hapo sijasema kuhusu kitu chochote ambacho hakijasainiwa na mwenye mamlaka ya kukitoa.

Muhtasari wa mkutano uusome kwa sauti kabla watu hawajatawanyika, urekebishwe palepale, na nakala yenye muhuri ibaki ofisi ya kijiji.

Hatua ya nne: tathmini ya mali na fidia

Hapa ndipo utakapopimwa, na nakuomba usome sehemu hii mara mbili.

Kwanza eleza mkuza, yaani ukanda wa ardhi unaochukuliwa ili bomba lipite. Bomba lile la mafuta ghafi nililolitaja lina mkuza wa mita 30, na mita si kipimo anachotumia mkulima. Yeye anajua ekari kwa hatua 70 kwa 70. Kwa hatua hizohizo, mita 30 ni kama hatua 33. Mwambie atembee mwenyewe kutoka kigingi hadi kigingi akihesabu, na aone kwamba shamba linalokatwa kwa urefu wa mita 100 linapoteza karibu robo tatu ya ekari. Mtu akishatembea hatua zake mwenyewe, hatadanganyika na maneno ya kijiweni, na wala hataweza kudanganywa na mpimaji.

Pili ni tarehe ya ukomo, yaani siku ambayo baada yake jengo jipya au mti mpya ndani ya mkuza hauingii kwenye fidia. Itangazwe kwa mkutano, kwa ubao wa matangazo na kwa redio ya eneo hilo, na ieleweke nini kinaruhusiwa baada yake. Kosa ninaloliona mara kwa mara ni wananchi kudhani kwamba wamekatazwa kulima kabisa, wakaacha mashamba, kisha malipo yakachelewa na njaa ikaingia. Kwenye bomba la Hoima hadi Tanga, ambalo kwa upande wa Tanzania peke yake limegusa watu zaidi ya 9,000, ilipita miaka kadhaa kati ya tarehe ya ukomo na malipo kwa waguswa wengi. Kwa hiyo pata kauli ya maandishi ya kampuni kuhusu mazao ya msimu, na uirudie kila mwezi mpaka siku ya malipo. Kuhusu nyumba za tegesha, zile zinazosimamishwa usiku mmoja ili kudai fidia, usiwe polisi. Picha za kabla ya tarehe ya ukomo zinatosha, na ukianza kuwatuhumu watu utawapoteza hata wale wa kweli.

Tatu, kuwa shambani siku ya kuhesabu. Mthamini ana haraka, ana vijiji kumi mbele yake, na karani wake amechoka. Mwenye shamba awepo, mwenza wake awepo, jirani wa mpaka awepo, na kiongozi wa kitongoji awepo. Kila mti utajwe kwa sauti unapoandikwa. Nakumbuka bibi mmoja ambaye fomu yake ilisomeka mikorosho 14. Nilimwamkia, nikakaa naye kwenye mkeka, nikamsomea. Akaniuliza, "Mwanangu, na ile mitatu ya bondeni?" Tukashuka bondeni. Mikorosho mitatu ilikuwapo, mikubwa, yenye rangi nyekundu ya mpimaji kwenye shina. Ilipimwa lakini haikuandikwa, kwa sababu karani alifungua ukurasa mpya na hakuihamisha. Tulirekebisha siku ileile, mthamini akaweka saini pembeni ya sahihisho na bibi akaweka dole gumba. Kama fomu isingesomwa kwa sauti nyumbani kwake, mikorosho ile ingepotea, na yeye angebaki na hakika ya maisha yote kwamba aliibiwa.

Nne, eleza vipengele vya malipo kimoja kimoja. Mbali na thamani ya ardhi na maendelezo, yaani majengo na mimea iliyo juu yake, kanuni za mwaka 2001 zinatambua posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya makazi, na fidia ya faida iliyopotea kwa mwenye biashara. Posho ya makazi hukokotolewa kwa kodi ya soko ya nyumba husika kwa miezi 36, kwa hiyo nyumba ambayo ingepangishwa kwa shilingi 20,000 kwa mwezi inaleta shilingi 720,000. Posho ya usafiri inatokana na gharama ya kusafirisha tani 12 za mizigo ndani ya kilomita 20. Anayeondolewa kwenye shamba tupu, lisilo na makazi, hapati posho ya makazi, na ni bora alisikie hilo kwako mapema kuliko kulisikia siku ya hundi. Eleza pia kwamba fidia inatakiwa kulipwa mapema, ndani ya miezi sita, na kwamba ikichelewa kupita hapo kanuni zinaweka riba. Kuna mabosi watakaokunong'oneza usilitaje hilo la riba. Litaje, kwa sababu ni haki iliyoandikwa.

Tano, familia. Kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, nyumba ya ndoa haiwezi kuhamishwa bila ridhaa ya mwenza, na utaratibu mzuri ni fomu kusainiwa na wanandoa wote, picha kupigwa wakiwa pamoja, na akaunti ya benki kufunguliwa kwa majina yote. Penye mitala, waulize wake kila mmoja peke yake shamba lipi ni la nani. Elimu ya fedha itolewe kabla ya malipo, kwani baada ya malipo hakuna atakayekuja. Pikipiki tatu zilizonunuliwa wiki moja na kuuzwa kwa hasara kabla mwaka haujaisha nimeziona kwa macho yangu, na mwenye nazo sasa analima kibarua kwenye shamba la ndugu yake.

Sita, makaburi. Nchini kwetu yana sheria yake ya kuhamisha makaburi ya mwaka 1969, na yana taratibu za dini na za mila ambazo hazimo kwenye sheria yoyote. Pwani na kusini makaburi mengi hayana saruji. Utaona mawe machache, au mti uliopandwa upande wa kichwa, au bakuli lililovunjika. Mpimaji hupita juu yake bila kujua. Kwa hiyo kabla ya vigingi, zunguka na wazee wawili kutoka koo tofauti, wakuonyeshe hata kaburi la mtoto mchanga. Waulize nani mwenye haki ya kuamua, ubani au dua itafanywa na nani, siku gani, na sanda itatoka wapi. Gharama zote ziwe kwenye bajeti kabla ya siku ya kwanza. Kama njia inaweza kusogezwa mita ishirini kulikwepa kaburi, pigania isogezwe. Mhandisi akielezwa mapema mara nyingi anaweza, akielezwa mitambo imeshafika hawezi.

Hatua ya tano: malalamiko

Mwaka 2011 Umoja wa Mataifa uliridhia kanuni elekezi za biashara na haki za binadamu, na kanuni ya 31 inataja sifa za utaratibu mzuri wa malalamiko, ikiwemo kuaminika, kufikika kirahisi na kutabirika. Kijijini maana yake ni kwamba bibi asiyejua kusoma, asiye na simu, anaweza kulalamika bila nauli, na anajua siku ya jibu.

Lalamiko likitolewa kwa mdomo barabarani ni lalamiko kamili. Liandike kwenye fomu, mpe mlalamikaji kipande chenye namba na tarehe, na uliingize kwenye rejesta jioni ileile. Nakala ya pili iende ofisi ya kijiji, isipokuwa lalamiko lenyewe likiwa linahusu kiongozi wa kijiji au unyanyasaji wa kijinsia, ambapo siri inakuja kwanza. Kisha nenda eneo la tukio. Boza la maji la mkandarasi likikata kona na kuangusha uzio wa mtu, picha ipigwe kabla boza la pili halijapita. Nyufa za ukuta zipimwe kwa rula na kulinganishwa na picha zilizopigwa kabla ya kazi kuanza. Ikiwa hakuna aliyepiga picha hizo, kosa ni la mradi na si la mwenye nyumba, na ndivyo unavyopaswa kulitetea ofisini.

Lalamiko halifungwi kwa sababu kampuni imelijibu. Linafungwa mlalamikaji akisaini kwamba ameelewa jibu, na fomu iwe na sehemu ya yeye kuandika kwamba ameelewa lakini hakubaliani. Huyo asiyekubaliana umweleze ngazi inayofuata: kamati yenye wajumbe wa kijiji, mamlaka husika ya serikali, na mahakama. Kamwe usimtake mtu asaini kwamba hataenda mahakamani.

Kwa walioko baharini niongeze neno moja. Sheria ya kimataifa ya bahari inaruhusu ukanda wa usalama usiozidi mita 500 kuzunguka jukwaa la kuchimba, na mvuvi ataulizia dema, yaani mitego ya samaki, na nyavu zake zilizokuwa humo. Meli ya utafiti inayovuta nyaya ndefu nayo hukata nyavu usiku. Weka mvuvi mzoefu wa eneo hilo kwenye boti ya kuongoza, na kubaliana na BMU juu ya bei ya nyavu kabla ya tukio la kwanza.

Hatua ya sita: ajira za vibarua

Usichague mtu wewe mwenyewe, hata mmoja. Nafasi zitangazwe kwa idadi na kwa muda, kwa mfano vibarua 40 kwa miezi miwili, majina yaandikishwe kwenye ofisi ya kijiji, na penye watu wengi kuliko nafasi pigeni bahati nasibu hadharani, kwa karatasi zilizokunjwa, mtoto wa shule akizichomoa. Muda wa kazi usisitizwe kila mara, kwa kuwa ujenzi wa bomba unahama kila siku na kijana aliyeacha genge lake akidhani amepata ajira ya kudumu atarudi kwako baada ya miezi miwili akiwa na hasira, na hasira hiyo itakuwa ya haki. Mkandarasi anayechelewesha mishahara ni moto wa mradi mzima; fuatilia tarehe za malipo kama unavyofuatilia fidia.

Hatua ya saba: kazi ya ndani ya ofisi

Nusu ya kazi yako iko upande ule mwingine wa geti, na vijana wengi hawaambiwi hivyo. Hudhuria kikao cha usalama cha asubuhi, na ukipewa dakika mbili, zitumie kusema jambo la siku hiyo: leo kuna mazishi kitongoji fulani, malori yasipite barabara ile kabla ya saa kumi. Taarifa ya wiki iwe na namba zisizopambwa, yaani malalamiko yaliyopokelewa, yaliyofungwa, na yaliyopita muda wake pamoja na jina la idara inayoyashikilia. Idara haipendi kuona jina lake hapo, na ndiyo maana husaidia.

Omba mapema, kwa maandishi, mamlaka ya kusimamisha kazi pale mtambo unapokaribia kaburi, kisima au shamba ambalo fidia yake haijalipwa. Greda haliingii shamba ambalo halijalipwa. Kwenye hili usikubali maelezo ya ratiba kutoka kwa mtu yeyote.

Kama kuna walinzi wenye silaha au askari kwenye eneo, ujue maagizo yao, na usishuke kijijini kwenye gari lao. Zawadi pia ni mtihani: kuku wa kukukaribisha huwezi kumkataa bila kumtukana mwenyeji, lakini mwandike kwenye daftari la zawadi, na fedha usiguse. Jipe pia likizo. Utakuwa unaitwa kibaraka wa kampuni asubuhi na mtu wa wanakijiji jioni, na anayebeba yote mawili bila kupumzika huanza kuwajibu watu kwa mkato.

Hatua ya mwisho: kuondoka

Ujenzi ukiisha wageni huondoka kwa haraka, kambi hufungwa, mama ntilie hupoteza wateja kwa wiki moja. Anza kulisema hilo miezi sita kabla. Zunguka shamba kwa shamba na wenye nayo kuhakikisha udongo wa juu umerudishwa juu, mitaro ya maji ya mvua haielekezwi kwenye nyumba ya mtu, na vivuko vya mifugo viko pale walipoonyesha wenyewe. Masika ya kwanza baada ya ujenzi uwepo, kwa sababu ndipo mmomonyoko huonekana.

Kisha itisha mkutano, usome rejesta yote ya malalamiko kwa namba, bila majina ya yale ya siri, na kila lililobaki wazi litajwe nani anabaki nalo na simu yake ni ipi. Nakala ya rejesta, nakala za mihtasari na ramani ya mkuza vikabidhiwe kwa Mtendaji wa Kijiji mbele ya mkutano, navyo viorodheshwe kwenye muhtasari wa siku hiyo. Baada ya hapo saini kitabu cha wageni, na kwenye safu ya sababu ya kufika uandike makabidhiano.